"NJOO KESHO": NANI ANALIPA NAULI YA KESHO?



Kama kuna maneno mawili ambayo mkazi wa Dar es Salaam anayajua kuliko hata jina la diwani wake, basi ni haya: "njoo kesho". Utaambiwa hivyo dirishani, utaambiwa mapokezi, utaambiwa na mlinzi wa getini kabla hujafika hata mapokezi. Na maneno hayo yana ndugu zake: "mtandao uko chini", "mhusika ametoka kidogo", "faili lako lipo kwa mkubwa", "fundi atapita". Yote yana maana moja. Rudi nyumbani kwako, kisha uje tena kwa nauli yako.

Leo sikusudii kulalamika. Kulalamika tunajua sote, na wala hatuhitaji kufundishwa. Panda daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujafika Tazara utakuwa umesikia malalamiko ya kutosha kujaza gazeti hili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ninachotaka leo ni tukae chini tupige hesabu, kama apigavyo muuza duka jioni akishafunga. Huduma inapokawia, inapokosekana au inapokuja nusu nusu, gharama yake haipotei hewani. Lazima kuna mtu anailipa. Ni nani huyo, na analipa kiasi gani?

Tuanze na muda

Tuchukue mfanyakazi wa kawaida anayeishi Mbagala, Chanika au Mbezi na kibarua chake kiko mjini. Akitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kituoni na njiani, hizo ni saa nne kwa siku. Kwa siku sita za kazi ni saa 24. Yaani kila wiki mtu huyu anatoa siku nzima, mchana na usiku wake, anaiacha barabarani. Akifanya kazi wiki 48 kwa mwaka, ametoa siku 48. Huo ni mwezi na nusu na ushei. Hakulipwa kwa siku hizo, hakulala, hakukaa na wanawe, wala hakusoma chochote.

Wapo watakaosema mji umekua, tufanyeje? Ni kweli umekua. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao milioni mbili na nusu. Mwaka 2012 wakawa 4,364,541, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka 20 watu wameongezeka zaidi ya mara mbili. Lakini watu hawa hawakushuka kwa mwavuli usiku mmoja. Walihesabiwa, na idadi yao ikachapishwa vitabuni. Mji unaokua kwa kasi inayojulikana unaweza kupangiwa mabasi, mabomba na madirisha ya huduma. Tulipopata mabasi ya mwendokasi mwezi Mei mwaka 2016, katika barabara ya Kimara kwenda Kivukoni, tuliona kwa macho yetu kuwa safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima inaweza kufupishwa. Hivyo hatuwezi tena kuambiwa kwamba foleni ni maumbile ya mji, kama joto la mwezi wa pili. Kadhalika tumeona kuwa barabara nzuri bila mabasi ya kutosha huhamisha tu foleni, ikaitoa barabarani ikaipeleka kituoni.

Mama mmoja wa Chanika

Lakini foleni ya barabarani walau haina mwenyewe. Foleni inayouma zaidi ni ile ya ofisini, kwa sababu pale kuna mtu mwenye jina na kiti ambaye angeweza kuimaliza.

Ninaye jirani yangu wa zamani, mama mjane, ambaye siku hizi anaishi Chanika. Ana genge la nyanya, vitunguu na dagaa mbele ya nyumba. Mumewe alipofariki aliacha stahili zake kidogo, na mama huyu akaanza kuzifuatilia katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Siku ya kwanza akaambiwa alete cheti cha kifo. Akaleta. Akaambiwa kinatakiwa kivuli cha cheti hicho kilichogongwa mhuri. Akaenda, akarudi nacho. Akaambiwa mhusika yuko semina. Akarudi wiki iliyofuata, mtandao uko chini. Akarudi tena, faili halionekani. Faili likaonekana, ikagundulika kuwa barua ya mtaa imepitwa na tarehe.

Alikwenda mara kumi na moja. Safari ya kumi na moja alinikuta njiani akaniomba nimsindikize. Tulipofika tukamkuta kijana mmoja, mpya, akalifungua faili, akalisoma kwa dakika tano hivi, akasema: "Shikamoo mama. Hapa pamepungua saini moja tu ya msimamizi wa mirathi, kwenye fomu hii. Vingine vyote vimo." Akampa fomu. Saini ikapatikana kesho yake.

Tulipotoka nje mama alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akaniambia: "Mwanangu, mimi sikasiriki kwa kuwa walikuwa na kazi nyingi. Nakasirika kwa kuwa fomu hii ilikuwa mezani siku ya kwanza."

Ndugu msomaji, hebu tuipige hesabu hiyo. Kumi na moja mara nauli ya kwenda na kurudi, magari mawili kila upande. Kumi na moja mara siku ambayo genge limefungwa. Nyanya za jana zimeoza, na wateja wamehamia genge la jirani. Ofisi ile haikuingia hasara hata senti moja. Umeme wake uliwaka, mishahara ilitoka tarehe ile ile, na pengine taarifa ya mwaka iliandika kuwa mteja mmoja amehudumiwa. Hakuna palipoandikwa kwamba mteja huyo mmoja alihudumiwa kwa safari kumi na moja.

Hapo ndipo penye kiini cha maradhi haya. Muda wa mwananchi hauingizwi katika daftari la mtu yeyote. Karatasi ikipotea ofisini, ni hasara ya ofisi. Siku ya mama muuza genge ikipotea, si hasara ya ofisi. Na kitu kisichokuwa na bei hakuna anayeona haja ya kukibania. Aidha, kadiri mtu anavyokuwa mnyonge ndivyo muda wake unavyochukuliwa kuwa ni wa bure. Mwenye gari na namba ya simu ya mkubwa haambiwi njoo kesho. Anapigiwa yeye simu kuambiwa karatasi zake ziko tayari. Kwa hiyo kesho ni kodi, tena ni kodi inayotozwa maskini peke yake.

Maji: dumu na bomba

Tuje kwenye maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu inatoka mto Ruvu, kwenye mitambo miwili: Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na Ruvu Chini wa mwaka 1976. Mitambo hiyo ilipopanuliwa, Ruvu Chini ulifikia uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Mwaka 2003 usambazaji alikabidhiwa mwekezaji binafsi, na mwaka 2005 Serikali ikavunja mkataba ule. Likaja shirika jingine la usambazaji, na mwaka 2018 mashirika mawili ya maji ya mji yakaunganishwa kuwa moja. Ukame ulipobana mwezi Oktoba mwaka 2022, uzalishaji wa mitambo ya Ruvu ulishuka mpaka lita milioni 300 kwa siku, na mji mzima ukaingia kwenye mgao. Wakati ule ndipo tulipoona kuwa mji wa watu zaidi ya milioni tano umefungiwa uzi kwenye mto mmoja.

Katika mgao wa namna hii wengi hudhani kuwa asiye na bomba anatumia maji ya bei rahisi. La hasha! Dumu moja ni lita 20. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Tuseme dumu kwenye mkokoteni ni shilingi 200 (msomaji weka bei ya mtaani kwako). Hapo uniti moja imekuwa shilingi 10,000. Bei ya uniti kwa mteja wa majumbani mwenye bomba haifikii nusu ya hiyo. Familia inayotumia madumu sita kwa siku itanunua madumu 180 kwa mwezi, shilingi 36,000, na hayo ni uniti tatu na ushei tu. Mwenye bustani na bomba linalotoka anamwagilia maua kwa uniti kama hizo bila hata kutazama bili. Anayelipa bei kubwa ya maji mjini ni yule aliyepanga chumba kimoja kilimani, ambaye bomba halijamfikia.

Na mwenye bomba naye asijione amesalimika. Maji yakikatika siku nne kisha yakarudi, hewa iliyojaa bombani husukumwa mbele ya maji na kuizungusha mita. Ndiyo maana wakazi wengi wanasema wanalipia upepo. Dawa yake ya nyumbani ni ndogo: maji yakikatika, funga koki iliyo karibu na mita. Yakirudi, ifungue taratibu. Na jifunze kuisoma mita yako mwenyewe. Tarakimu nyeusi ndizo uniti, nyekundu ni sehemu ya uniti. Ukitaka kujua kama bomba lako linavuja ardhini, funga mabomba yote ya ndani, kisha tazama kigurudumu kidogo cha mita. Kikiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanatoroka, na bili ni yako.

Risiti ya LUKU na mpangaji

Jambo la tatu ni umeme, na hapa nazungumza hasa na wapangaji, ambao ndio wengi wetu. Ukinunua LUKU unapata tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, na wengi tunaishia hapo. Chini ya tarakimu hizo kuna mistari. Kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani, kuna asilimia 3 inayokwenda kwenye umeme wa vijijini, na asilimia 1 ya EWURA. Kisha tangu mwezi Agosti mwaka 2021 ukaongezeka mstari mwingine: kodi ya majengo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500 na 7,500. Usiponunua umeme miezi mitatu, mwezi wa nne utakatwa yote kwa pamoja.

Sasa kodi ya majengo ni ya nani? Ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua LUKU ni nani? Ni mpangaji. Suala hili lilipozuka, jibu lililotolewa ni kwamba mpangaji na mwenye nyumba waelewane kwenye kodi ya pango. Jibu hilo linasomeka vizuri kwenye karatasi. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Manzese, ambaye mwenye nyumba wake anadai kodi ya miezi sita mkononi, ataanzia wapi kumwambia, "Baba, punguza 1,500 yangu ya kila mwezi"? Ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Kwa wengine si kitu. Kwa mwenye kuuza karanga ni mtaji.

Ushauri wangu ni mmoja. Tunza risiti. Kama ni ujumbe wa simu, usiufute. Mkataba wa pango unapofika mwisho, kabla hujasaini mwingine, waonyesheni wenye nyumba jumla ya mlichokatwa, kwa adabu na kwa maandishi. Wengi wao si watu wabaya, hawajui tu. Na wapangaji wenye mita moja mgawane kwa haki, asibebeshwe yule anayenunua mara nyingi.

Waliotutangulia waliionaje huduma?

Wapo wanaodhani kuwa kudai huduma bora ni jambo la kizungu, au ni siasa za upinzani. Historia yetu haisemi hivyo. Katika miji ya Kiislamu ya zamani kulikuwa na cheo cha muhtasibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni na mitaani kukagua mizani, vipimo, usafi na njia. Mwanachuoni al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, katika kitabu chake cha kanuni za utawala, al-Ahkam as-Sultaniyya, anaeleza kuwa mji ukiharibikiwa maji yake ya kunywa, muhtasibu ana wajibu wa kusimamia yatengenezwe kwa fedha za hazina ya umma. Yaani miaka karibu elfu moja iliyopita maji ya mji yalihesabiwa kuwa ni haki ya watu, tena kuna ofisa anayeulizwa kwa jina lake.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa jirani, Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta maji safi ya bomba mjini kutoka chemchemi ya Chemchem. Sisemi kuwa utawala ule haukuwa na dhulma zake, maana zinajulikana. Nasema tu kwamba maji ya bomba katika mji wa pwani si ndoto ya juzi.

Na sisi je?

Haki haisemwi upande mmoja. Na sisi wananchi tumo ndani ya tatizo hili. Ni sisi tunaopitia dirishani kwa gari la kundi la kwanza linalogombania siti. Ni sisi tunaochepusha maji kabla ya mita, kisha tunashangaa kwa nini bomba la jirani halina nguvu. Ni sisi tunaotupa takataka mtaroni, mvua ikinyesha Jangwani tunauliza Serikali iko wapi. Na kubwa kuliko yote, ni sisi tunaotoa kile "cha chai" ili tusiambiwe njoo kesho. Tukikitoa tunafikiri tumenunua muda wetu. Kumbe tumemuuza mama wa Chanika, maana mtumishi akishazoea kuwa karatasi hukimbia kwa pesa, ile isiyo na pesa haitasogea kabisa. Rushwa ni uovu unaojulikana na kila msomaji wa ukurasa huu, wala sina la kuongeza.

Pia tuwatendee haki watumishi wema. Yule kijana aliyelisoma faili kwa dakika tano hakuwa na mshahara mkubwa kuliko wenzake, na mtandao wake ulikuwa ule ule. Wapo wengi kama yeye, na aghalabu hatuwashukuru, tunawakumbuka wabaya tu.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla hujaondoka dirishani uliza swali hili: "Naomba uniandikie vyote vinavyotakiwa, ili nikirudi nisirudi tena." Mama yule angeandikiwa orodha siku ya kwanza, angekwenda mara mbili. Mtumishi akikataa kuandika, andika wewe mbele yake, umsomee, kisha umuulize jina lake kwa upole.

Pili, ofisi nyingi za umma zina mkataba wa huduma kwa mteja, unaotaja huduma fulani itatolewa kwa siku ngapi. Mara nyingi umebandikwa ukutani na hakuna anayeusoma. Usome. Ukiwaambia "ukutani mmeandika siku saba, leo ni ya ishirini", mazungumzo yanabadilika.

Tatu, lalamika kwa maandishi. Kwa maji na umeme, anza kwa mtoa huduma mwenyewe, upewe namba ya lalamiko lako. Usiporidhika, peleka EWURA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ambacho miongoni mwa kazi zake ni kusikiliza malalamiko ya watumiaji. Lalamiko la mdomo huisha upepo ukivuma, la maandishi lina tarehe.

Nne, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ukiomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Wachache mno tunaitumia.

Tano, tusiende mmoja mmoja. Mtaa ambao bomba limekauka miezi miwili ukiandika barua moja yenye saini mia, ikapitia kwa mwenyekiti wa mtaa, haitatupwa kirahisi kama barua ya mtu mmoja. Tunajua kukusanyika kwa msiba na kwa harusi. Tukusanyike na kwa ajili ya bomba.

Na sita, ambalo nawaelekezea ndugu zetu walioko upande wa pili wa dirisha, maana wengine ni wasomaji wa gazeti hili. Ndugu yangu mtumishi, kabla hujasema "njoo kesho", tazama viatu vya aliye mbele yako. Vumbi lile ni la wapi? Ametoka saa ngapi? Ameacha nini kimefungwa nyumbani? Kama kweli leo haiwezekani, mwambie sababu, mwambie siku yenye uhakika, na mpe orodha yote kwa mkupuo. Hilo halihitaji bajeti, wala mfadhili, wala mtambo mpya.

Muda ni amana, na tutaulizwa tuliutumiaje, wetu na wa wenzetu. Wiki hii, ewe msomaji, chukua risiti yako ya mwisho ya LUKU na bili yako ya mwisho ya maji, uzisome mstari kwa mstari pamoja na wanao. Usipoelewa mstari mmoja, nenda kauulize, na uende na kalamu.

Wabillahi tawfiq.